Mikono Mitupu Ujijini

Kwa kujifunza: Mathayo 28:18–20, Luka 10:30–37, 2 Wakorintho 4:8, 9, Waebrania 11:13, 39, 40.

Tarehe 23 Oktoba 1871, mzee wa miaka 58 aliingia Ujiji akitokea ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa amebaki mifupa na ngozi. Kwa miezi mingi alikuwa ametembea katika nchi ya Manyema, upande ambao leo ni Kongo ya mashariki, na kilichomsukuma kurudi kilikuwa tumaini moja. Ujiji palikuwa na soko kila siku, palikuwa na samaki, mawese na nafaka. Zaidi ya hayo, palikuwa na mali yake aliyotumiwa kutoka Zanzibar: nguo na shanga, ambazo zamani zile ndizo zilizokuwa fedha za bara. Mwenye nguo na shanga aliweza kununua chakula, kukodi mtumbwi na kulipa wapagazi. Asiye nazo alikuwa ombaomba.

Mzee huyo alikuwa David Livingstone. Jioni ileile watumishi wake wawili waaminifu, Susi na Chuma, walimletea habari kwamba mali yote imekwisha. Mfanyabiashara aliyekabidhiwa kuitunza, aitwaye Sherif, alidai kwamba amepiga ramli na kuona kuwa mwenyewe amekwisha kufa, basi akaiuza yote kwa watumwa na pembe za ndovu. Yadi 3,000 za kitambaa hazikubaki hata moja. Ratili 700 za shanga hazikubaki hata uzi mmoja. Tena Sherif hakuona haya. Alikuja kumpa mkono kama ndugu, na alipokataliwa alinuna, kana kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa.

Jambo hili halikwisha na karne ile. Yuko mtu aliyetuma fedha nyumbani miaka kumi ili ndugu yake amjengee, akarudi akakuta kiwanja kina majani. Yuko mjane ambaye shamba la mumewe liliuzwa kabla matanga hayajaisha. Katika daftari lake Livingstone alijilinganisha na yule mtu wa Luka 10 aliyekuwa akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, akaangukia kati ya wanyang'anyi. Kisha akaongeza wazo la uchungu, kwamba kwake yeye hapakuwa na tumaini la kuhani, wala Mlawi, wala Msamaria kupita njia ile. Yapo masaa ambapo hata mtu wa imani husema hivyo, naye alisema.

Ahadi ya mtoni

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika nyumba ya watu maskini wamchao Mungu. Alipokuwa na umri wa miaka kumi alianza kazi katika kiwanda cha pamba, akisoma kitabu alichokiegemeza kwenye mashine huku mikono ikishughulika na nyuzi. Kwa njia hiyo ngumu alifika chuoni, akawa daktari, na mwaka 1841 akafika kusini mwa Afrika akiwa mmisionari. Mwaka 1844 simba alimrukia na kuuvunja mkono wake wa kushoto karibu na bega. Mfupa haukuunga vizuri, na alama hiyo ilikuja kuwa na kazi yake baadaye.

Siku ya kuangalia kwa makini ni ile ya Januari 1856. Livingstone alikuwa akivuka bara kutoka Luanda upande wa magharibi kwenda Quelimane upande wa mashariki, akafika mahali mto Luangwa unapoingia katika Zambezi. Watu wa nchi ile walikuwa wamewahi kuumizwa na wageni, nao wakakusanyika na silaha. Ilionekana wazi kwamba watamshambulia atakapovuka. Alifikiri kuvuka usiku kwa siri. Jioni hiyo alifungua Mathayo 28 na kusoma maneno ya mwisho ya Bwana kwa wanafunzi wake: kwamba mamlaka yote amepewa Yeye, na kwamba atakuwa pamoja nao siku zote. Akaona kwamba aliyetoa ahadi hiyo ni mwaminifu kuliko mtu yeyote mwenye heshima duniani, na kwamba neno lake halina haja ya kuongezewa dhamana. Akaamua hatakimbia gizani. Asubuhi aliwavusha watu wake wote kwanza. Yeye alibaki ukingoni akiwaonyesha watu wenye silaha saa yake na kioo chake cha kuwashia moto kwa jua, kisha akawashukuru, akawatakia amani, akapanda mtumbwi wa mwisho. Hakuna aliyemgusa.

Ni rahisi kulipenda simulizi hilo na kulifanya kanuni: mtu adai ahadi, na mto utavukika. Lakini ahadi iliyosomwa usiku ule haikusema neno lolote kuhusu kuvuka salama. Ilisema Bwana atakuwapo. Tofauti ya mambo hayo mawili Livingstone alijifunza kwa miaka kumi na saba iliyofuata, na karo ya somo hilo ilikuwa kubwa.

Mambo yalipogeuka

Mwaka 1862 mkewe Mary alikufa kwa homa huko Shupanga, kando ya Zambezi, akazikwa chini ya mbuyu. Mwaka 1864 mwanawe Robert alikufa Marekani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Msafara mkubwa aliouongoza kwa gharama ya serikali ya Uingereza ulihesabiwa kuwa umeshindwa, na magazeti yaliyomsifu jana yakamgeuka. Si lawama zote zilikuwa za bure. Alikuwa mgumu kwa wenzake wa Ulaya, na watoto wake walimjua baba yao zaidi kwa barua kuliko kwa sura.

Mwaka 1866 alirudi kwa mara ya mwisho, akatua karibu na mto Ruvuma akiwa na makusudi mawili: kutafuta chanzo cha mto Nile, na kuufunulia ulimwengu biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki. La kwanza alilitaka sana. Aliamini kwamba akilipata, sauti yake juu ya la pili itasikika.

Januari 1867 mpagazi mmoja alitoroka na sanduku la dawa. Kwa mtu wa leo aliye karibu na zahanati ni vigumu kupima uzito wa tukio hilo. Livingstone alikuwa daktari. Alijua homa ni nini na kwinini ni nini. Aliona kwamba amepokea hukumu ya kifo. Hata hivyo aliandika akijaribu kuamini kwamba Mungu ameliruhusu kwa wema, kisha akaendelea kutembea. Homa ilimjia bila dawa, tena na tena. Mwanzoni mwa 1869 mapafu yalishikwa, hakuweza kusimama, wala hakuona namna ya kufika Ujiji akiwa hai.

Aliyemfikisha ni Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara Mwislamu wa pembe na watumwa. Alimtengenezea machela, akampa watu wa kumbeba, akampikia, akamvusha ziwa kwa mtumbwi hadi Ujiji mwezi Machi 1869. Livingstone aliichukia biashara ya mtu huyo kwa moyo wake wote, na uhai wake aliupokea mikononi mwake. Si jambo la kulainisha. Darasa linaposoma Luka 10, yafaa kukumbuka kwamba Wayahudi waliomsikiliza Yesu hawakumpenda Msamaria. Je, msaada wa Mungu ukija kwa mkono usioutaka, utaupokea, na bado utasema kweli juu ya uovu uliouona?

Ujiji ya mwaka huo haikumpa raha. Sehemu ya mali aliyotumiwa ilikuwa imeibwa njiani. Aliandika barua zipatazo 40 na kulipa zipelekwe pwani. Karibu zote zilipotea, kwa kuwa wapo walioogopa zitasema nini juu ya mambo yao. Huko Ulaya wengine waliamini amekufa. Julai 1869 alivuka tena kwenda Manyema.

Huko vidonda vya miguu vilimshika. Katika kijiji cha Bambarre alikaa tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, muda mwingi akiwa hawezi hata kukanyaga. Waliobaki naye walikuwa watatu: Susi, Chuma na Gardner. Karatasi zilipokwisha aliandika juu ya magazeti ya zamani, akikatiza maandishi yaliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kutokana na mimea. Katika nchi hiyo ya Manyema aliisoma Biblia yote, mwanzo hadi mwisho, mara nne. Mwenye kusoma Biblia mara moja kwa mwaka kwa ratiba ya kanisa na ahesabu. Hakuwa na barua kutoka kwa watoto, wala mke, wala dawa, wala habari za ulimwengu. Na ile ahadi ya Mathayo 28 ilikuwa mojawapo ya kurasa alizopitia mara nne.

Nyangwe

Machi 1871 alifika Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Mto ulikuwa mpana, ukitiririka kuelekea kaskazini, naye aliamini ni Nile. Alichokosa ni mtumbwi tu. Miezi minne aliomba, akabembeleza, akaahidi malipo, na kila mara alizuiwa.

Tarehe 15 Julai ilikuwa siku ya gulio. Watu zaidi ya elfu, wengi wao wanawake waliokuja na samaki, vyungu na kuku, walikuwa sokoni wakati watu wenye bunduki wa wafanyabiashara ya watumwa walipoanza kuwafyatulia risasi. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kuzama, wengine wakaogelea wakichukuliwa na maji mmoja baada ya mwingine. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliona kwa macho yake. Aliweza kuwaokoa wachache tu.

Baada ya siku hiyo hakuweza kusafiri tena pamoja na wauaji, na bila wao hapakuwa na njia ya kuendelea kuufuata mto. Akageuka nyuma. Njiani watu wa misitu, waliomdhania kuwa mmoja wa wafanya biashara ya watumwa, walimrushia mikuki. Mmoja ulipita karibu kumgusa mgongo, na siku hiyohiyo mti mkubwa ulianguka hatua moja tu kutoka alipokuwa. Hivyo ndivyo alivyofika Ujiji tarehe 23 Oktoba na kukuta mikono ya Sherif imemaliza kila kitu.

Mungu hakuyapanga mauaji ya Nyangwe. Yesu alisema wazi adui ni nani apandaye magugu. Lakini mtu akitazama mfululizo wa mambo ataona kitu. Kama Livingstone angepata mtumbwi aliouomba, angeshuka Lualaba, na Lualaba si Nile, ni Kongo. Angekwenda magharibi, mbali na kila aliyemtafuta. Kila mlango aliougonga kwa miezi minne ulikuwa wa njia isiyo sahihi, naye hakujua mpaka alipokufa.

Msamaria

Baada ya kufika, mfanyabiashara Mwarabu Said bin Majid alikuja kumwona. Alisema hana nguo, ila anazo pembe; akaomba auze baadhi yake ampe mzee bidhaa. Livingstone alishukuru, akasema bado, labda baadaye, kwa kuwa alikuwa na vipande vichache vya nguo alivyokuwa ameviweka akiba. Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba hapakuwa na Msamaria Ujijini. Alikuwapo mmoja tayari, barazani kwake.

Mwingine alikuwa njiani. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, mtu wa miaka 30 aliyelelewa katika nyumba ya maskini huko Wales, alikuwa ametoka Zanzibar mapema mwaka ule. Vita vya Mirambo vilifunga njia ya Tabora, akalazimika kuzunguka mbali kusini. Kwa hesabu ya daftari la Livingstone zilipita siku tano tu tangu afike; kwa hesabu ya Stanley ilikuwa tarehe 10 Novemba. Safari ndefu msituni humpotezea mtu siku. Asubuhi moja Susi alikuja mbio akipiga kelele kwamba Mwingereza anakuja, akaondoka tena mbio kwenda kumlaki. Bendera ya Marekani ilikuwa mbele ya msafara, watu wa Ujiji wakajaa njiani. Mahali hapo, kilomita chache kusini mwa mji wa Kigoma, pana jiwe la kumbukumbu na miembe, na watoto wa shule hupelekwa kupaona.

Ulimwengu umekumbuka zaidi salamu waliyopeana. Kilicho muhimu kwa somo hili ni mfuko wa barua. Ulikuwa na barua zilizokwama njiani kwa muda mrefu, na miongoni mwake zilikuwamo za watoto wake. Mzee aliuweka mapajani, akasoma moja mbili, uso ukang'aa. Kisha akataka kwanza habari za dunia. Hamu ya chakula ilirudi. Badala ya milo miwili myembamba, alikula mara nne kwa siku. Baada ya muda mfupi wawili hao walipanda mtumbwi hadi kaskazini ya ziwa, wakahakikisha kwamba mto Rusizi huingia ziwani wala hautoki. Nile haikuwa huko pia.

Novemba ileile, Ujijini, Livingstone aliandika kwa serikali ya Uingereza habari ya Nyangwe. Mara hii palikuwa na wa kuichukua. Stanley aliagana naye karibu na Tabora tarehe 14 Machi 1872, akaenda pwani na barua na madaftari yaliyotiwa muhuri. Habari ya soko lile ilisomwa Uingereza na watu wengi. Kelele dhidi ya biashara hiyo ilikuwa imekwisha kuanza, lakini sasa ilipata sura za wanawake waliozama. Serikali ilimtuma Sir Bartle Frere Zanzibar, na baada ya mabishano na vitisho vya meli za kivita, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba tarehe 5 Juni 1873. Soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Utumwa wenyewe haukukoma siku hiyo, na misafara ya bara iliendelea kwa miaka. Tena wapo wasemao, si bila sababu, kwamba njia alizozichora Livingstone zilikuja kutumiwa na wakoloni. Hata hivyo, hakuna tena mtoto wa Manyema aliyesimamishwa mchana kweupe katika soko lile na kupigiwa mnada.

Livingstone hakuyasikia haya. Stanley alimsihi arudi kwao, naye alikataa. Binti yake Agnes alikuwa amemwandikia kwamba afadhali amalize kazi yake kwa kuridhika kuliko arudi kwa ajili ya kumwona. Tarehe 19 Machi 1872, siku tano baada ya kuachwa peke yake na siku ya kuzaliwa kwake, alijiweka upya wakfu kwa Yesu katika daftari lake, akiomba amalize kazi kabla mwaka haujaisha. Hakumaliza. Katika vinamasi vya Bangweulu alitokwa damu, akabebwa, na mwanzoni mwa Mei 1873 watumishi wake walimkuta alfajiri katika kibanda kijijini kwa Chitambo, amepiga magoti kando ya kitanda, uso katika mikono, amekufa. Mkataba wa Zanzibar ulikuwa umebakiza kama majuma matano. Soma Waebrania 11:13, 39 pamoja na tarehe hizi mbili.

Susi, Chuma na wenzao wangeweza kumzika na kwenda zao. Waliuzika moyo wake chini ya mti wa mvula, wakaukausha mwili kwa jua, wakaubeba kwa miezi kadhaa, wakipita Tabora, hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Baadhi yao walikufa njiani. London, madaktari walimtambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba miaka 30 iliyotangulia, akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Kwa hesabu ya kawaida ya umisionari Livingstone alikuwa na mavuno haba kuliko karibu wote. Anahesabiwa kuwa alibatiza mtu mmoja tu aliyejulikana, Sechele, mfalme wa Bakwena, mwaka 1848, naye alimwona akianguka katika dhambi baada ya miezi michache. Sechele alitubu, akaendelea kuwahubiri watu wake kwa miaka mingi. Na Abdullah Susi, yule aliyekuja mbio asubuhi ile Ujijini, aliendelea kuongoza misafara. Mwaka 1886, miaka kumi na mitatu baada ya alfajiri ile ya kwa Chitambo, alibatizwa Zanzibar. Jina alilopewa ni David.